Upako Nyuma ya Sikio

Jumatatu, 12 Januari

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nina sauti.

Si sauti ya kuomba chumvi mezani. Hiyo sina. Nina sauti ya kuimba. Nikiwa peke yangu jikoni, moshi umejaa, mlango umefungwa, naimba mpaka vikombe vinaitikia kwenye rafu. Lakini mtu akiniangalia tu, sauti inarudi tumboni na kujifunika blanketi.

La pili ni baya zaidi. Niko kwenye kwaya ya kanisa tangu nilipokuwa kidato cha pili, na sijawahi kutoa hata noti moja. Hata moja! Nafungua mdomo, nafunga, natikisa kichwa, napiga makofi. Nimekuwa samaki wa kwaya muda huu wote na hakuna aliyegundua. Sijui kama ni dhambi. Naogopa kumwuliza pasta.

Sasa shida yenyewe. Tarehe ishirini na tano kwaya yetu inatoka hapa Mutomo kwenda mji wa Wote, kule Makueni, kwenye mkutano mkubwa wa makanisa. Kuna wimbo mpya ambao mwanzo wake unaimbwa na mtu mmoja peke yake, kabla kinanda hakijaingia. Nimeuimba jikoni. Vikombe vimelia. Nautaka mwanzo huo kuliko nilivyotaka A ya Kiswahili. (Nilipata B. Tusiongee.)

Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Muthama, atachagua mwimbaji Jumamosi. Kikwazo cha kwanza: Mwalimu Muthama hajui kwamba nipo. Kabla ya Krismasi sare mpya za zambarau zililetwa, kila mtu akapata yake isipokuwa mimi. Nilipomwendea, aliniangalia kwa upole sana, akaniuliza kama mimi ni mgeni, na nimetoka kanisa gani.

Kikwazo cha pili: Yvonne, binti wa shangazi yangu. Sauti ya Yvonne hufika kanisani kabla ya viatu vyake. Hujipulizia kitu cha kopo kinachonukia kama peremende zilizoyeyukia mfukoni. Anaimba vizuri, sikatai. Lakini vikombe vyake haviitikii. Nimejaribu kusikiliza.

Nimewaza mchana kutwa nikivuna ndengu. Nimepata jibu. Jibu ni Fartun.

Jumanne, 13 Januari

Fartun tulikaa dawati moja mpaka tukamaliza shule mwaka jana. Mama yake, Mama Arbaco, ana duka la vitambaa na manukato karibu na soko la mbuzi. Fartun ni mpole karibu kama mimi. Lakini akiingia darasani, vichwa vilikuwa vinageuka kabla hajasema kitu. Hata mwalimu wa Hesabu alikuwa anapoteza hesabu. Miaka yote nimedhani ni uzuri.

Leo nilimwuliza. Alicheka. Akasema uzuri gani, ni udi.

Mafuta safi ya udi, hayajachanganywa na kitu. Alinionyesha kichupa kidogo kama kidole cha mtoto, na kijiti ndani yake. Mafuta yenyewe yana rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Akanipa yaliyobaki! Akasema mama yake amefungua chupa nyingine.

Masharti nilipewa kama ya daktari. Gusa kwa kijiti, mara moja tu. Nyuma ya sikio. Usisugue. Usiongeze. Subiri. Mama Arbaco alikuwa akipima kitambaa, na bila kugeuka akasema, "Mwanangu, wewe ndiye utakayeacha kuyasikia kwanza. Wenzako wataendelea kuyasikia. Usidanganyike." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa, lakini niliona aibu kuuliza.

Nyumbani. Nimejifungia chumbani. Nimegusa nyuma ya sikio. Nimesubiri.

Wuui!

Beberu! Harufu ya beberu aliyelala juu ya mbao mbichi! Na juu ya beberu kuna dawa ya kidonda, na mshipi wa ngozi ulionyeshewa mvua. Machozi yalinitoka. Mama alikuwa uani akipepeta ndengu, nikasikia ungo umenyamaza. Kisha akauliza nyumba nzima ni nani ameacha beberu wa jirani yetu, Mzee Kiilu, aingie ndani. Akaja na fimbo. Akachungulia chini ya kitanda changu. Akachungulia nyuma ya mlango. Nilimsaidia kutafuta.

Lakini kufikia wakati wa chai, maajabu. Beberu ameondoka na kumwachia nafasi mtu mwingine. Asali ya mzinga wa gogo, ile nyeusi yenye moshi. Mbao za kabati la nyanya yangu. Kitu kitamu kilichojificha ndani ya kitu kichungu. Nimekaa nikinusa bega langu mwenyewe kama mwendawazimu. Kwa mara ya kwanza nimehisi kwamba ndani ya gauni langu kuna mtu.

Jumatano, 14 Januari

Msiba. Udi umeisha nguvu.

Nimeamka, nimenusa mto: hakuna kitu. Mkono: hakuna. Bega: bega tu. Nasikitika kumsema Fartun, lakini mafuta yake hayadumu. Nimegusa tena nyuma ya sikio. Sikusikia chochote. Nikagusa shingo. Viwiko. Ncha za nywele. Kola ya sweta, kidogo tu, na kifua cha sweta, kwa sababu kola ilikuwa kidogo tu.

Nikaenda kuchota maji. Kwenye foleni ya bomba mambo yalikuwa ya ajabu. Wanawake wote walinipisha. Mmoja aliuliza leo kuna harusi ya nani. Mwingine akasema ni harusi ya watu wa mbali.

Halafu Kamanda akakata kamba. Kamanda ndiye beberu wa Mzee Kiilu. Alinijia mdomo wa juu ameukunja, meno yote nje, kama mtu anayecheka peke yake. Nikasogea. Akasogea. Nikaenda upande wa pili wa tangi. Alikuwa huko. Akasimama kwa miguu ya nyuma akaniinamishia pembe. Mzee Kiilu alikuja mbio, ameshika kofia, akishangaa na kusema Kamanda hafanyi hivi ovyo, hufanya tu akikutana na beberu mgeni aliyekuja kumnyang'anya wake zake. Kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia mawingu.

Nimefika nyumbani na nusu ya maji. Kamanda amelala nje ya lango letu.

Sidhani inahusiana na mafuta. Ni joto tu.

Ijumaa, 16 Januari

Leo ilikuwa siku ya maombi ya alasiri. Mwalimu Muthama huwa hakosi, na uchaguzi ni kesho. Mpango wangu ulikuwa rahisi na safi. Nikae mbele, hatua chache kutoka kwake. Joto lifanye kazi. Yeye ageuke, anione, aulize jina langu. Mimi niseme: Nduku. Nimefanya mazoezi ya kusema Nduku mbele ya kioo. Linasikika vizuri.

Nafasi pekee iliyobaki mbele ilikuwa kando ya Yvonne.

Kanisa letu limeezekwa mabati matupu. Wakati ule lilikuwa jiko. Na kwa kawaida yetu hatuanzi kuomba kabla hatujashikana mikono, benchi kwa benchi, mpaka hakuna mkono uliobaki. Nikawasalimia wote. Wote wakanisalimia. Hakuna aliyeniangalia usoni, lakini mikono walishika kwa nguvu.

Maombi yakaanza. Mama Katunge, kiongozi wa akina mama wa maombi, alikuwa katikati ya kukemea ukame aliponyamaza. Akainua pua. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama wengine pia wanasikia.

Wengine wakasikia! Mmoja akasema ni uvumba wa hekaluni. Mwingine akasema hapana, ni manemane. Mzee mmoja nyuma akaanza kulia, akisema sasa yuko tayari kwenda, amenusa huko kulivyo. Mama Katunge akaanza kutembea, amefumba macho, pua mbele, safu baada ya safu, mpaka kwenye benchi yetu. Akanifikia.

Akanipita. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha Yvonne.

"Upako!" alipiga kelele. "Upako umemshukia huyu mtoto!"

Yvonne hakusita. Alilia vizuri sana, machozi ya jicho moja kwanza, kisha la pili. Mimi nilifungua mdomo kusema ni mimi. Ilitoka hewa. Mama Katunge akaniomba nisogee kidogo, mwanangu, namzibia Yvonne upepo.

Jumamosi, 17 Januari

Yvonne amepewa wimbo. Mwalimu Muthama alisema yeye ni nani achague tena wakati juu wameshachagua. Hakusikiliza hata mtu mmoja. Yvonne alisema hajui kwa nini iwe yeye, lakini anashukuru kwa kuonekana. Kuonekana! Nani hajawahi kumwona Yvonne?

Mama Katunge alisimama kutoa ushuhuda. Tangu jana hajaosha mkono wa kulia. Mumewe amesonga ugali mwenyewe. Watu wengi wakanyoosha mikono kusema hata wao, hata wao, walirudi nyumbani upako ukiwa viganjani. Nilimwona pasta akinusa kiganja chake akidhani hakuna anayemwona.

Ningesema leo. Nilikuwa nimesimama tayari. Kisha watu wakanigeukia, wakadhani naenda msalani, wakanipisha. Ikabidi niende.

Mpango mpya. Kama upako ni mimi, basi nikiondoka kando ya Yvonne nao unaondoka. Kesho nitasimama mwisho kabisa wa safu, upande wa wanaume, kando ya Mzee Ndululu. Mzee Ndululu huuza kamba za katani sokoni na huimba besi. Kuiita besi ni heshima tu. Ni kinu cha kusaga mahindi kikiwashwa. Hakuna anayependa kusimama karibu naye. Pazuri sana. Nimeongeza mafuta kidogo, kwa uhakika.

Jumapili, 18 Januari

Mwanzoni mambo yalikwenda kama asali.

Yvonne alisimama mbele akaanza wimbo. Mama Katunge akanusa. Akanusa tena. Akasogea, akanusa karibu. Peremende tu! Akamwuliza mbele ya watu wote, kwa huzuni ya mzazi, amefanya nini kati ya Ijumaa na Jumapili mpaka upako umkimbie hivi.

Yvonne alibadilika uso. Kisha, jambo ambalo sikutegemea, akakiri. Alikiri kwamba ndiye aliyekunywa soda za wageni. Alikiri kwamba huigiza mwendo wa mke wa pasta. Na alikiri kwamba ndiye aliyemwambia fundi asishone sare ya Nduku, eti Nduku ameacha kwaya, ili kitambaa kitoshe kumwekea yeye marinda.

Marinda! Kitambaa changu kilikuwa pale mbele ya macho yangu, kinapepea!

Kanisa lote likaguna. Mwalimu Muthama akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha akamwinamia mama aliyekuwa kando yake, akamwuliza Nduku ni yupi.

Sikupata hata nafasi ya kukasirika. Pua ya Mama Katunge ilikuwa imeinuka tena. Alikuwa ameupata. Akaja polepole, akazipita soprano, akazipita alto, akafika mwisho wa safu ya wanaume. Akanifikia. Nikafumba macho. Akanipita tena! Akaweka mikono juu ya kipara cha Mzee Ndululu.

Mzee Ndululu alisema, "Ai, mama, mimi nilikuja kuimba besi tu."

Amepewa wimbo.

Jumanne, 20 Januari

Mazoezi. Wimbo ulitungwa kwa sauti ya msichana. Mzee Ndululu anaupanda kama mtu anayepanda mti na viatu vya mvua. Kuku wa jirani ya kanisa wamehamia upande wa barabara. Kila akimaliza, watu husema amina kwa uso wa mtu aliyemeza kwinini. Mwalimu Muthama amekonda, lakini nani atathubutu kuukataa upako? Tukienda Wote hivi, tutachekwa mpaka tuuze kinanda.

Ni kazi yangu yote hii. Mikono yangu miwili na kijiti kimoja.

Baadaye nilimkuta Mzee Ndululu nyuma ya kanisa, karatasi ya maneno mkononi. Yeye peke yake kwenye kwaya hunisalimia kwa jina. Aliniambia, "Nduku, mwiitu, binti yangu, mimi huogopa watu. Besi niliipenda kwa sababu inajificha nyuma ya wengine." Nilimwelewa kabisa. Nilimshikia karatasi.

Mpango: nioge. Upako ukiisha, Mwalimu Muthama atalazimika kuchagua kwa masikio. Nimejisugua kwa majivu. Kwa ndimu. Kwa magadi. Kwa maziwa lala. Mama aliniuliza kama kuna mtu anakuja kunioa bila yeye kuambiwa. Matokeo: maji moto yameamsha kila kitu. Sasa nanukia udi, ndimu na maziwa lala. Kamanda amerudi langoni.

Nikakimbilia kwa Fartun. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye marobota ya vitambaa. Akaniuliza niligusa mara ngapi. Nikamwambia. Akaacha kucheka, akamwita mama yake. Mama Arbaco aliniangalia akiwa bado mlangoni. "Haya, huyu ameoga udi," alisema. "Hiyo sweta, mtoto, wajukuu wako wataijua." Kisha akaniletea chai, akanikalisha karibu na dirisha. Karibu kabisa.

Fartun alisema dawa ni moja. Nimwendee mwalimu, nimwambie: Mwalimu, ni mafuta, ni mimi, naomba niimbe. Basi. Nikamjibu kwamba kama ningeweza kusema hayo yote, nisingehitaji mafuta. Akasema basi nitakaa na huyo beberu.

Alhamisi, 22 Januari

Nimekwenda kwa Mwalimu Muthama! Peke yangu! Njiani nilirudia: ni mafuta, ni mimi, naomba niimbe. Nilirudia mpaka mama mmoja akaniambia pole.

Nikabisha hodi. Akafungua mwenyewe, taulo begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniuliza nataka nini. Nikafungua mdomo.

Nimerudi nyumbani na ungo wake. Sijui kwa nini ungo. Ndilo neno lililotoka.

Mama anauliza tumekosa ungo lini.

Jumapili, 25 Januari

Naandika nikiwa kwenye basi la shule tuliloazimwa, tunarudi. Madirisha yote yamefunguliwa. Walioketi nyuma wanaimba, walioketi mbele wanalia kwa furaha. Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi, kabla ya kupanda jukwaani, Mwalimu Muthama alipanga safu. Alipofika kwangu aliona sketi ya buluu katikati ya zambarau. Alitafuta pa kuificha. Mzee Ndululu akasema, "Mwache asimame nyuma yangu, Mwalimu, anisukume nikianguka." Mgongo wa Mzee Ndululu ni mpana kama mlango wa ghala. Nikapotea nyuma yake, mimi na sketi yangu. Sikuona watu. Watu hawakuniona. Mbele yangu kulikuwa na koti tu.

Kanisa la Wote ni kubwa, lina feni. Kwaya iliyotutangulia ilikuwa na majoho na tarumbeta. Ikawa zamu yetu. Kimya. Mzee Ndululu akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Kimya hicho nakijua. Ni changu. Niliona koti linatetemeka kutoka mabegani mpaka chini. Mtu akakohoa. Mtu mwingine, mbali, akaanza kucheka kidogo. Nilijua Mwalimu Muthama amefumba macho, bila kumwona.

Na hapo, pua yangu ikiwa karibu na lile koti, nikasikia udi. Mimi! Baada ya siku zote hizi! Ulikuwa umeingia kwenye koti lake kwa kusimama naye, na hapo kwake ulikuwa umetulia, hauna beberu wala ndimu. Asali na moshi tu. Giza kidogo, joto, mlango umefungwa. Ilikuwa jikoni kabisa.

Nikaimba.

Sikupanga. Iliniponyoka tu. Ilitoka yote, pale pale mwanzoni kabisa, kabla kinanda hakijaingia. Mzee Ndululu alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Kisha akaanza kufungua na kufunga mdomo. Kwa ustadi! Akanyoosha na mkono! Samaki mwenzangu.

Hebu fikiria walichokiona watu wa Makueni. Mzee wa kipara, muuza kamba, anafungua mdomo na sauti ya msichana inatoka. Naambiwa walisimama. Walipanda viti. Mama Katunge alianguka juu ya wanawake wawili wa Wote ambao hata hakuwa amewasalimia. Mtu akapiga kelele kwamba huu ni muujiza, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia maelezo mengine. Yvonne alikuwa anaimba alto yake huku anageuka geuka, anatafuta inatoka wapi. Niliinama zaidi nyuma ya koti. Tulimaliza. Kelele ile sitaisahau mpaka nizeeke.

Na sasa jambo lenyewe.

Watu walipomzunguka Mzee Ndululu, Mwalimu Muthama hakuenda huko. Alizunguka nyuma. Akanikuta nimesimama palepale, mdomo bado uko wazi. Aliniangalia muda mrefu. Mwalimu Muthama amefundisha kwaya tangu kabla sijazaliwa; anaweza kukosea uso lakini masikio yake ni mazima. Akaniuliza taratibu, kama anayemwita ndege aje mkononi:

"Na wewe... wewe ni nani?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akisikiliza. Yote niliyotaka yalikuwa hapo, yameiva, kuchuma tu. Nduku. Neno moja. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikavuta pumzi. Na sauti ikatoka! Kubwa, safi, bila kutetemeka hata kidogo:

"Mimi ni mgeni."

Jumatatu, 26 Januari

Nimelala vibaya, nimeamka na busara. Nimejifunza mengi.

Kwanza, kosa halikuwa langu. Nimelipitia jambo lote tangu mwanzo nikivuna ndengu, na ni wazi kwamba kosa ni la udi. Udi ni mafuta ya watu wanaoingia kimya. Mimi nahitaji mafuta ya watu wanaosema.

Mzee Ndululu amekuja asubuhi, akiangalia nyuma yake kila hatua. Amealikwa Migwani Jumapili ijayo, halafu Kanyangi. Ameniletea kamba nzuri ya katani ya kufungia mbuzi. Amesema nisipokwenda naye amekufa, mwiitu, amekufa kabisa, na nisimwambie mtu. Nikamwambia sitasema. Akacheka, akasema hilo haliogopi. Alipoondoka, Kamanda aliinuka langoni akamfuata yeye. Nilihisi, sijui kwa nini, wivu kidogo.

Alasiri fundi amepita na mizigo miwili. Mmoja ni koti jipya la zambarau la Mzee Ndululu. Fundi analalamika kwamba Mwalimu Muthama ameagiza lishonwe pana kupita kiasi, pana la kutosha watu wawili, na hakueleza sababu. Mzigo wa pili ni sketi ya zambarau. Haina jina. Kuna kikaratasi kimebanwa kwa pini, mwandiko wa mwalimu: Ya mgeni.

Nimekaa nayo muda mrefu kitandani. Mgeni gani huyu? Ametoka kanisa gani? Fundi alisema aliambiwa ailete kwetu tu. Nimeijaribu. Imenitosha kama nilipimwa. Mwenyewe akija nitaona aibu kuirudisha.

Kwa vyovyote, mpango wa Migwani uko tayari, na huu hauwezi kushindwa. Fartun amesema mama yake ana kichupa kingine, miski, na kwamba ukijipaka hiyo watu hukusogelea wenyewe kukuuliza jina. Mama Arbaco alisita sana kunipa. Aliapa kwamba ni nzito kuliko udi, na akaniambia mara mbili: gusa mara moja tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimegusa mara moja. Nimesubiri. Sisikii kitu.

Nitaongeza kidogo.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, sasa unajua mambo ambayo hata Mama hajui. Tafadhali usimwambie mtu. Si kuhusu jikoni, si kuhusu sauti, si kuhusu kichupa kilicho ndani ya sanduku langu la shule. Zaidi ya wote, usimwambie Mama Katunge. Akikujia amefumba macho na pua mbele, akikuuliza harufu hii inatoka kwa nani, wewe mwonyeshe tu mtu aliyeketi kando yako.